Mstari wa Jovina Mlioujaza Wino

Mliniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, nyinyi vijana wa klabu ya jiografia. Mwenyekiti wenu Alkadi alifika mpaka uani kwangu hapa Songambele, akaniamkia shikamoo, akakataa kiti, akakubali ndizi za kuchoma, akasema, "Babu, tunataka kumbukumbu zako za kazi. Kitu kizuri cha kutuinua." Nikakubali haraka. Mzee akiambiwa ana kumbukumbu, kichwa huvimba.

Basi nikaenda shuleni kuitazama ile ramani ya Mirihi, hiyo mnayoiita Mars, iliyotundikwa chumba cha jiografia, ili maneno yapate pa kuanzia. Nikaona mlichokifanya. Kwa hiyo hamtapata kitu kizuri. Mtapata hiki.

Na ndiyo, ramani iko kwangu. Msimsumbue mlinzi. Niliishusha ukutani mchana kweupe, nikaikunja chini ya kwapa, nikapita getini, mlinzi akaniambia, "Mzee, leo umebeba mkeka?" Nikamwambia ndiyo. Itarudi ukutani siku itakapokuwa kama alivyoiacha Jovina, si kabla.

Kwa nyinyi wa kidato cha kwanza msionijua: mimi ndiye niliyekuwa natunza chumba kile. Nina kidato cha nne, na hicho cha nne nilikipita kwa kuinama, kama mtu anayepita chini ya waya. Ujanani nilichora ramani kwenye ofisi moja ya machimbo ya bati huku Kyerwa. Machimbo yaliposinyaa, shule ikanichukua. Safari sipendi. Mke wangu Adelina ametoka Kihanga, na kwenda kumposa ndiyo safari ndefu niliyowahi kufanya kwa hiari; yeye husema nilimwoa upesi ili nisirudi tena huko. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesaidia kufundisha watoto kuchora miamba ya sayari nyingine. Chekeni, halafu msome.

Mwenye elimu alikuwa Mwalimu Edina. Miamba alikuwa ameisomea chuo kikuu, akaletwa kwetu kufundisha jiografia, akaja na kompyuta ndogo iliyojaa picha zilizopigwa na vyombo vinavyoizunguka Mirihi. Picha za bure, za yeyote mwenye macho. Siku ya kwanza alinikuta nafuta vumbi kwenye tufe.

"Mzee, nasikia ulikuwa mchoraji."

"Zamani."

"Mimi miamba naijua, lakini mkono wangu kwenye mstari ni kama umekunywa pombe ya rubisi. Tusaidiane. Tuwafundishe watoto kuchora Mirihi."

"Nani amekwenda huko kupima?"

"Hakuna mtu."

"Sasa, mama, tutachoraje mahali ambapo hakuna aliyekanyaga?"

Akanitazama. "Yale mashimo ya bati uliyoyachora miaka yote ile, uliingia mangapi?"

Nikaendelea kufuta vumbi. Ni Adelina aliyemwambia kwamba naogopa mashimo. Mpaka leo anakana.

Sasa kazi yenyewe. Nisikilizeni, maana siku hizi mnasema programu inachora. Unachukua picha, unaweka juu yake karatasi angavu, na kabla penseli haijagusa kitu unauliza: jua liko upande gani? Sisi hatukuuliza. Wanafunzi wa kwanza walitazama picha wakaona vilima, vilima tupu, vya duara, vimejazana. Mmoja akasema, "Mwalimu, huku ni Karagwe kabisa." Nikawasifu. Nikawafundisha hata kuvitia kivuli vipendeze. Mwalimu Edina akaingia, akatazama kazi yetu, akaigeuza ile picha juu chini. Kila kilima kikazama. Yalikuwa mashimo, kreta zilizochimbwa na vimondo, na mwanga ulikuwa unatokea chini ya picha wakati jicho la binadamu limezoea mwanga wa juu. Nimeona wilaya nzima ikididimia nimekaa kwenye stuli.

Halafu unauliza nani alitangulia. Hili watoto wa huku walilielewa kuliko mimi. Mwalimu Edina alikuwa akisema, "Kinachokata ni kichanga kuliko kilichokatwa," na wao wanamkodolea macho. Mimi nikawaambia: nyumbani mkitandaza nyasi kwenye migomba, nyasi kavu zikiwa juu ya majani ya mgomba, kipi kilitandazwa mwanzo? Wakacheka, swali la kitoto. Nikawaambia, basi lava ikiwa juu ya kreta, ni hivyo hivyo. Na umri? Jani la mgomba lililonyeshewa mvua ya mawe mara nyingi lina matundu mengi. Jani jipya ni zima. Ardhi yenye kreta nyingi ni jani kuukuu. Mwalimu Edina akasema jani ni zuri kuliko mfano wa kitabuni, lakini nisisahau kuwaambia kwamba jani kuukuu linaweza kufunikwa na vumbi likaonekana jipya. Alikuwa hakuachii ushindi mzima, yule mama.

Kulikuwa na mvulana anaitwa Respicius. Yeye alivumbua genge, mwamba uliokatika wima. Genge limenyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa picha, kama limepigwa rula. Akalipa jina la bibi yake, akaandika kwa herufi kubwa. Mwalimu Edina akamwuliza, "Respicius, huko nyumbani umewahi kuona genge lililonyooka hivi?" Akasema hapana, lakini Mirihi ni Mirihi. Ilikuwa ni mahali picha mbili zimeunganishwa. Kwa muda mrefu kila aliyekosea mstari aliambiwa, "Umemwona bibi yake Respicius."

Na sokoni Nkwenda nilichoka kutaniwa. Watu wanapima kahawa, mimi napita na karatasi zangu, wananiita. "Waitu, ndugu yetu, huko Mirihi kahawa inastawi?" "Kuna njia ya magari, au ni boda tu?" Mmoja akaniuliza kwa nini nisichore shamba lake ambalo lipo. Nilikuwa sijibu. Leo najibu: kwa sababu shamba lako utalichora kwa tumbo. Kila mstari utakaopiga utausukuma kidogo upande wa jirani, wala hutajua kwamba umeusukuma. Mirihi huna mgomba. Huko mtoto anajifunza kuona kabla hajataka. Hilo ndilo tulilokuwa tunafundisha, na kwa hilo nina hasira nanyi. Sasa nafika kwenye mstari.

Mistari nilifundishwa na Ta Bonifasi, bwana mkubwa wa wachoraji kule machimboni. "Ta" ni heshima tunayowapa baba zetu huku, na yeye alistahili, ingawa alikuwa mkali kama pilipili iliyokauka. Kwenye ramani ya miamba, mahali mwamba mmoja unapokutana na mwingine unapiga mstari. Umeuona mkutano huo kwa macho? Piga mstari mzima. Unadhani unapita hapo, lakini huna hakika? Piga vipande, acha mapengo. Unajua upo ila umefunikwa na udongo? Weka nukta. Siku moja nilipiga mstari mzima mahali ambapo timu haikuchimba.

"Nani amekuambia unapita hapo?" akaniuliza Ta Bonifasi.

"Ulikuwa unaelekea huko, mzee."

"Mstari hauelekei. Mstari unaonwa. Mstari mzima ni kiapo, kijana. Wewe umeapa juu ya kitu gani?"

Akanifanya nichore karatasi nzima upya. Wachimbaji hawasomi maelezo, alisema. Wanatazama mstari, wanachimba. Ukiwadanganya watavunjika migongo kwa ajili ya udongo mwekundu.

Mimi na Mwalimu Edina tukapeleka somo hilo darasani, na hapo ndipo tulipogonga mwamba ambao hakuna kitabu kinachoutaja. Wanafunzi wetu walikataa mstari wa vipande. Kreta walikubali, lava walikubali, sayari isiyo na hewa ya kuvuta walikubali. Mpaka wenye mapengo, hapana. Ukiwageuzia mgongo wanajaza. Tukadhani ni uvivu wa kufikiri, mpaka msichana mmoja akasimama.

"Babu," akasema, "nyumbani kwetu mpaka unapandwa milamula. Mmoja ukikauka, baba anapanda mwingine kabla jua halijazama. Pengo likikaa, jirani anaingia. Sasa nyie mnatuambia tuache mapengo wenyewe?"

Darasa zima likasema ndiyo, hivyo hivyo. Watoto wa waliotoka Rwanda na Burundi, watoto wa Wanyambo, Walutheri, Wakatoliki. Kwa jambo hilo walikuwa kanisa moja. Kama huujui mlamula, ni ule mti mwembamba wa majani marefu unaouona kwenye kila mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba, huku. Haufi upesi na hausogei, ndiyo maana tunauamini kuliko ndugu.

Msichana huyo ndiye Jovina, binti wa Ta Philbert wa hapa hapa Songambele. Mwalimu Edina akampa kipande kigumu kuliko vyote, mahali ambapo uwanda wa lava unakutana na ardhi kuukuu yenye kreta, na katikati vumbi limefunika kila kitu. Akamwambia, "Chora unachokiona. Usichokiona usinionyeshe."

Jovina alihangaika na kipande hicho muhula mzima. Alikuwa anapiga mstari, anaufuta, anageuza picha, anatafuta ukingo wa lava kwenye vumbi, hauoni. Siku moja nikamkuta amekaa mikono mapajani.

"Imekuwaje, mama?"

"Nimepiga vipande," akasema, kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

Nikatazama. Mstari ulitoka mzima upande wa kushoto, ukafika kwenye vumbi, ukaanza kukatika, ukaendelea kwa mapengo yaliyopimwa vizuri, ukatokea upande wa pili mzima tena. Sijawahi kupiga mstari mzuri namna hiyo maishani mwangu, na mimi nililipwa kwa kazi hiyo.

Siku ya wazazi tukaunganisha vipande vya wote, tukaitundika ramani. Ta Philbert akaja na kofia yake ya kanisani, akamtafuta binti yake ukutani, akampata, akatazama. Akaninyooshea kidole.

"Mwalimu, hapa pamefanyaje?"

"Hapo hajui mpaka unapita wapi kwa hakika."

"Kama hajui, si aulize?"

"Amwulize nani, Ta Philbert? Ni Mirihi."

"Mimi nina kesi na jirani yangu Laurian," akasema, na sauti ilianza kupanda. "Laurian amesubiri miaka nifumbe jicho. Na wewe unamfundisha mtoto wangu, atakayerithi akili yangu, kwamba mpaka unaweza kuachwa wazi. Mpaka wenye mapengo ni mwaliko. Huyu hatarudi kwenye klabu yako."

Nikajaribu kueleza kiapo cha Ta Bonifasi. Akasema Ta Bonifasi amekufa na machimbo yamekufa, labda ni kwa sababu hiyo. Jovina akaondoka naye, ametazama chini. Ramani ikabaki ukutani, mwenyewe hayupo. Kwa jambo hilo nilikosa usingizi, na mimi usingizi ndio kipaji changu.

Haukupita muda mrefu, baraza la ardhi likaja kutazama mpaka wa Ta Philbert na Laurian. Mimi nilikuwepo. Si kwamba nilisafiri. Njia ya kwenda kisimani inapita pale. Wazee wa baraza wakamwambia Ta Philbert ashike fimbo, atembee mbele, achore mpaka kwenye udongo kama anavyoujua, na ajue kwamba anatembea chini ya kiapo. Akaanza vizuri. Mlamula huu, mlamula ule, fimbo inaburura mstari mzima. Jovina alikuwa nyuma yake na jembe. Wakafika mahali ambapo njia ilipanuliwa zamani na milamula ikang'olewa. Pale ndipo kesi ilipolala.

Mwenyekiti akasema, "Endelea, Ta Philbert."

Akasimama. Laurian akakunja mikono, anasubiri mwenzake aape ili naye aape kinyume, kama ilivyokuwa kila mwaka. Ta Philbert akatazama udongo. Hakumtazama binti yake, nawaambia ukweli, hakumtazama hata kidogo. Akachora kidogo, akainua fimbo. Akapiga hatua, akachora kidogo, akainua fimbo.

"Unafanya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Hapa nadhani," akasema Ta Philbert. "Marehemu baba alinionyesha nikiwa mdogo. Mgomba uliokuwa alama haupo. Kutoka kule mpaka pale najua. Hapa nadhani."

Watu wakacheka. Laurian akasema, "Mmemsikia wenyewe, anadhani." Lakini mzee mmoja wa baraza akamgeukia. "Na wewe, Laurian, kipande hiki unajua au unadhani?" Laurian alichelewa kujibu, na kila mtu akaona amechelewa. Wakagawa sehemu ile katikati. Ta Philbert akapoteza mstari wa migomba yenye mikungu, migomba ambayo huenda ilikuwa yake kweli. Wakapanda milamula mipya na kesi ikaisha.

Tulipoachana njiani akaniambia, "Mwalimu, mstari wako umenilia migomba." Hakutabasamu. Lakini Jumatatu Jovina alikuwa klabuni, na hakuna aliyeuliza.

Sasa mnaelewa mlichokijaza?

Siku ile nilipokuja kuitazama ramani, nilimwuliza Alkadi pale pale chumbani. Nilimwonyesha ile maka peni nyeusi, nene kama mnyoo, imepita juu ya kila pengo la Jovina.

"Nani amefanya hivi?"

"Sisi, Babu. Mgeni wa wilaya alikuwa anakuja. Ilikuwa inaonekana haijaisha."

"Haijaisha."

"Eeh. Tukakumalizia. Na programu ya kompyuta imekubali, tuliiwekea picha ile, ikachora mpaka wote, mzima, palepale."

"Programu iliona ukingo chini ya vumbi?"

"Ilifuata rangi, Babu."

Ilifuata rangi. Bibi yake Respicius naye alikuwa na rangi. Sina ugomvi na kompyuta. Mwalimu Edina alikuwa nayo, na bila hiyo tusingeona hata kreta moja. Ugomvi wangu ni kwamba mashine ilibahatisha, nanyi mkachukua kubahatisha kwake mkakugeuza kiapo kwa wino usiofutika, ili mgeni asione kwamba kuna mahali hamjui. Mgeni aliangalia kwa muda gani? Alkadi anasema alipita, akasema safi sana, akaenda kula. Kwa ajili ya mtu aliyekuwa na njaa mmefuta neno la pekee la kweli lililokuwa kwenye ukuta ule. Baba mzima alisimama mbele ya jirani zake, mbele ya adui yake, akasema nadhani, akalipa kwa migomba. Nyinyi mmeshindwa kusema nadhani mbele ya mtu asiyewadai kitu.

Na msiniambie ni Mirihi tu, hakuna atakayekwenda kuchimba. Aliyezoea kuapa uongo juu ya Mirihi, kesho atapewa fimbo na baraza.

Nilitaka kuirekebisha mwenyewe. Niliitandika mezani, nikachukua karatasi angavu mpya, nikachonga penseli. Mkono wangu, vijana, sasa umekuwa ule wa Mwalimu Edina. Kila nilichopiga kilitoka kama njia ya panzi. Adelina alisimama mlangoni akasema, "Huyo ni senene anatembea, au ni ramani?" Nikaacha. Kumbe mstari huo kama hamuuchori nyinyi, umekufa, na utabaki ule wa maka peni.

Jana Ta Philbert alipita kunisalimu. Miguu imemchoka lakini macho bado makali. Jovina ana watoto wake sasa, anafundisha hesabu upande wa Kihanga, na mzee huwa anakuja kunisomea habari zake. Akakuta ramani mezani. Akavua kofia. Ile ramani hakuwahi kuisifu hata siku moja; kila akinikuta njiani alikuwa ananiita mwalimu wa mapengo. Akainama, akatafuta kipande cha mtoto wake, akakipata haraka kuliko mimi. Akaweka kidole juu ya wino.

"Nani kaziba hapa?"

Nikamwambia ni wajukuu zetu, wa klabuni.

Hakukiondoa kidole.

"Wana habari kwamba hapa hatujui?"

"Hawana."

Akavuta kiti, akakaa, akaweka fimbo yake ukutani kama mtu ambaye haendi popote.

"Waite," akasema.

Nawaita. Njooni na penseli.